Chelo Iliyokaushwa Fektari

Kwetu, kitu kikinyeshewa kinapelekwa fektari. Msicheke. Nyinyi huko kwenu mna jua. Sisi tulikaa juu, upande wa Kimulot, karibu na msitu, na mvua ilikuja kila alasiri bila kuombwa. Ukianika shati Jumatatu ulilivaa Ijumaa, nalo bado lilikuwa na ubaridi kwapani. Kwa hiyo sare za shule, godoro la mtoto aliyekojoa, viatu, simu iliyotumbukia kwenye ndoo, vyote vilibebwa hadi kiwanda cha majani chai, vikaingizwa chumba cha kunyaushia, vikarudi vikavu. Hata Biblia ya mchungaji iliyoanguka mtoni siku ya ubatizo ilikaushwa humo. Ilirudi inanukia chai, na mchungaji akaendelea kuhubiri nayo.

Chumba chenyewe ni kirefu. Majani mabichi hulazwa juu ya vitanda vya wavu, na feni kubwa zinapuliza hewa ya vuguvugu kutoka chini mpaka majani yalegee. Baba yangu alifanya kazi humo tangu kabla sijazaliwa. Alitoka kando ya ziwa akiwa kijana, akaja kuchuma chai, akapandishwa cheo akaingia ndani ya fektari, na huko akakwama kwa furaha. Kazi yake ilikuwa kujua majani yamenyauka kiasi gani. Aliokota konzi moja, akaibana kiganjani, akaiachilia, akatazama inavyofunguka. Akisema "bado", watu walingoja. Akisema "tayari", mashine ziliwashwa.

Naeleza haya mapema ili mjue kwamba aliyeniharibia maisha hakuwa mlevi wala mjinga. Angekuwa mlevi ningepata mahali pa kuiweka hasira yangu.

Chelo niliikuta shuleni, sekondari ya bweni ya wasichana upande wa Sosiot. Wageni fulani wa kanisa walikuwa wameacha vyombo vya nyuzi, fidla kadhaa na chelo moja, na shule ikavihifadhi stoo pamoja na majembe. Mwalimu wetu wa muziki alikuwa mwanamke mwembamba mwenye ulimi wa wembe. Yeye alicheza fidla. Chelo alijifunza mwenyewe kwa kutazama video, halafu siku ya pili ananifundisha alichokijua jana. Siku ya kwanza alinishika mkono akaugeuza huku na huku.

"Mama yako anachuma chai?"

"Ndiyo, mwalimu. Na mimi humsaidia likizo."

"Inaonekana. Vidole hivi havijazoea kubembelezwa. Kaa hapa."

Kwa asiyeijua, chelo ni fidla iliyokua hadi ikashindwa kuwekwa begani. Unakaa kitini, unaikumbatia kati ya magoti, unavuta upinde wa nywele za farasi. Nywele hizo hupakwa utomvu mkavu, na utomvu ndio unaoushika uzi ukatetema. Bila utomvu upinde unateleza tu, hausemi kitu. Mwaka mzima mwalimu hakuniruhusu kucheza wimbo wowote. Nilivuta upinde juu ya uzi mtupu, polepole, kutoka mwisho hadi mwisho, huku amesimama nyuma yangu na rula. "Tena," alisema. "Hiyo ni sauti ya mlango. Tena." Ncha za vidole zilipasuka, zikaota sugu, sugu nazo zikapasuka. Nilikuwa nikikaa na chombo kile stoo, harufu ya mbolea puani, na uzi wa chini kabisa ukiitika nilihisi kifuani kabla ya kuusikia masikioni. Niliipenda sauti ile kuliko nilivyompenda mtu yeyote, na sioni haya kusema hivyo.

Nyumbani walinicheka, lakini bila ubaya. "Hiyo ni gitaa ama ni kabati?" Majirani wa laini yetu, laini ndio tunavyoziita nyumba za wafanyakazi wa shamba, walitaka kujua kama naweza kupiga nyimbo za harusi. Ami yangu alipokuja kutoka ziwani alikunja uso. Alisema kwetu mwanamke hashiki ala ya nyuzi, ni mwiko, na msichana anayekaa amepanua miguu mbele za watu atamkosa hata mume kipofu. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Hii si ala ya kwetu. Mwiko wa kwetu hauijui. Mwache mtoto." Siwezi kusahau hilo, hata siku zile ninapotaka kulisahau.

Ila yeye mwenyewe hakuwahi kunisikia nikicheza. Siku za wazazi alikuwa zamu. Tamasha za muziki alikuwa zamu. Majani hayangoji mtu, alisema, na kweli hayangoji.

Nilipokuwa kidato cha nne, mwalimu alipata habari ya okestra ya vijana Nairobi. Walikuwa wanatafuta mchezaji mmoja wa chelo. Atakayeshinda angefundishwa na mabingwa, angepewa chombo kizuri cha kutumia, na njia ya kwenda kusoma zaidi ingefunguka. Kila mmoja alipaswa kuja na chombo chake kwa majaribio, na asiwe amevuka miaka kumi na minane. Nilikuwa karibu kuivuka. Ilikuwa mwaka ule au basi.

"Wewe utapata," mwalimu aliniambia, na hakuwa mtu wa kusifu. Alikuwa ananiita mlango tangu kidato cha kwanza.

Shule ilifungwa juma moja kabla ya majaribio. Mwalimu alikuwa na mama mgonjwa Ndanai, ilimbidi aende, kwa hiyo tukapatana nifanye mazoezi nyumbani, naye aje kunichukua siku ya safari. Mwalimu mkuu alikubali chelo itoke, baada ya kunihutubia vya kutosha. Haikuwa na sanduku, ilikuwa na mfuko wa kitambaa tu. Nilipata lifti kwenye pikapu ya maziwa, nikakaa nyuma katikati ya mikebe, nimeikumbatia. Tulipokaribia kwetu, mvua ya mawe ikatukuta barabarani. Niliilalia. Niliifunika kwa sweta, kwa sketi, kwa mwili wangu. Mawe yalinipiga mgongoni na maji yakapenya chini yangu, na tulipofika mfuko ulikuwa unachuruzika.

Sikuchanganyikiwa. Niliitoa, nikaipangusa kwa kanga ya mama, nikailaza juu ya kitanda cha wazazi, kwa sababu ndicho kitanda pekee kilichokuwa sawasawa. Nikampigia mwalimu.

"Imepasuka popote?"

"Hapana."

"Basi usilie. Iache ikauke yenyewe, polepole. Isikae karibu na jiko. Isikae juani. Keshokutwa utacheza."

Nikamweleza mama, na mama akalitoa jiko nje kabisa, akapika chini ya ukingo wa paa huku akitetemeka kwa baridi. Hivyo ndivyo walivyonipenda watu wale. Baba alikuwa zamu. Hakuna aliyemweleza baba.

Asubuhi nilikwenda kanisani kuomba ufunguo wa chumba cha nyuma, nipate pa kufanyia mazoezi. Niliporudi, kitanda kilikuwa kitupu.

"Mama! Chelo iko wapi?"

Mama alikuwa anapepeta mchele. "Baba yako ametoka kazini, ameikuta ina unyevu. Nilimwambia umesema isikae karibu na jiko, akacheka. Akasema, jiko! Nani anakausha kitu cha maana kwa jiko? Ameipeleka fektari."

Yawa. Nilikimbia mpaka miguu ikaniacha. Askari wa getini aliniona akacheka, "Binti, gitaa yako inaivishwa! Baba yako ameibeba na blanketi ya kitandani, ungedhani ni mtoto wa homa!" Nikampita bila salamu.

Nilimkuta kwenye kitanda cha mwisho kabisa. Alikuwa amesogeza majani yote kando, ametandika gunia safi, ameilaza chelo chali. Zamu yake ilikuwa imekwisha tangu alfajiri. Alipaswa kuwa amelala, lakini alikuwa ameketi juu ya kreti, macho mekundu, ameweka kiganja juu ya tumbo la chelo kupima joto lake. Aliponiona aliinua kidole kunizuia nisipige kelele.

"Bado kidogo," akasema.

Hapo ikalia. Pa! Mlio mfupi, mkavu. Halafu mwingine mrefu zaidi, ukitambaa ndani ya mbao. Baba alitabasamu, akanitazama kwa fahari.

"Umesikia? Maji yanatoka."

Niliisogelea. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye tundu la sauti ukateremka hadi ukingoni chini, na ubavu mmoja ulikuwa umeachana na tumbo. Ungeweza kuingiza kucha. Nilipiga nduru, na mashine zote zile hazikuimeza. Watu wakaja wanakimbia wakidhani mtu amenaswa mkono.

"Umeniua, baba," nikamwambia mbele yao wote. "Umeniua. Umeniua."

Alikitazama kiganja chake, akakigeuza, akakitazama tena. Watu wanasema wema hauozi. Ndiyo, hauozi. Sisi wetu ulipasuka.

Ingekuwa ni juu yangu, kisa kingekomea hapo. Lakini baba alikuwa mtu wa kurekebisha. Jioni ileile aliibeba hadi kwa fundi wa mabenchi ya kanisa, mtu mwema vilevile, kwa maana tulizungukwa na watu wema. Fundi akamimina gundi nyeupe ndani ya ufa, akaifunga kwa vipande vya mpira wa tairi, na kwa kuhakikisha akagongomea misumari midogo kwa ndani. Halafu akaipaka vanishi. Ilirudi inang'aa. Baba aliisimamisha mlangoni akasema, kwa sauti ya chini, "Jaribu, nyathina." Nyathina ni mtoto wangu, kwa lugha yetu. Nilivuta upinde mara moja. Kulikuwa na nyuki ndani. Kila noti ilitoka na mvumo wa nyuki kwenye debe. Niliuweka upinde chini, na baba akachukua kofia yake akatoka.

Mwalimu alipokuja kunichukua, aliitazama chelo, akatugeuzia mgongo. Alipogeuka alimsalimu baba kwa mikono miwili. "Asante mzee kwa kujaribu," akamwambia. Nilimchukia kwa neno lile. Nilitaka mtu mmoja tu, mmoja, amkasirikie kwa niaba yangu.

"Watasikia mkono wako," aliniambia njiani. "Hawatasikiliza mbao."

Walisikiliza mbao. Kwenye ukumbi ule wa Nairobi tulikuwa wachache, na msichana mmoja alikuwa na sanduku jeupe gumu lenye magurudumu. Nilijikaza, nikamwendea mama yake, nikamwomba aniazime chelo ya bintiye kwa dakika chache tu, yangu ilikuwa mgonjwa. Alinitazama viatu kwanza. "Hapana mpenzi," akasema. "Hii haishikwi na mkono mwingine." Basi nikaingia na yangu. Noti ya kwanza tu, mzee mmoja wa jopo aliinua kichwa akaangalia dirishani, akimtafuta mdudu. Nilicheza mpaka mwisho. Sikukosea hata mahali pamoja, nawaapia. Hakuna anayeniuliza, lakini sikukosea.

"Una mkono mzuri," mzee akaniambia. "Mzuri sana. Lakini chombo hiki hakiimbi. Rudi mwaka ujao na kingine."

"Mwaka ujao nitakuwa nimepita umri."

"Ah," akasema.

Hiyo tu. Ah. Nafasi ilikwenda kwa sanduku jeupe. Nilimsikiliza yule msichana nikiwa nje ya mlango, na hakunishinda. Nimesikiliza wachezaji wengi tangu siku ile, najua nisemalo.

Tuliporudi kwetu, baba alikuwa ananingoja kando ya barabara, amevaa koti lake la kanisani. "Wamesemaje?"

"Wamesema nirudi."

"Mwaka ujao?"

"Ndiyo, baba."

"Si umeona," akasema. "Mungu hamtupi mja wake." Sikujua kama ananiamini au anajifanya. Sikuuliza, naye hakuuliza tena. Tangu hapo, kila nilipofungua mfuko wa chelo, alichukua kofia akatoka nje, hata kama ni mvua. Nilidhani ni kiburi. Nilidhani hataki kuiona kazi ya mikono yake, na nikasema moyoni, heri, atoke, anyeshewe.

Shule ilinipa chelo ile nilipomaliza. Waliiona haina faida tena. Nilikwenda nayo Nairobi, na huko nikapata fundi wa kweli wa vyombo vya nyuzi, akaifungua, akakuta misumari. "Nani alifanya unyama huu?" akauliza. Nikamwambia sijui. Alikwangua gundi siku nyingi, akabandika viraka kwa ndani, akafanya alichoweza. Nyuki aliondoka. Lakini mbao zilikwisha kuumia, na sauti iliyorudi ilikuwa ya kukwaruza, ya mtu aliyetoka homa. "Itapiga," fundi akaniambia. "Kuimba, usitegemee."

Miaka iliyofuata nawapa kwa ufupi, kwa sababu sina hamu nayo. Nilifundisha watoto wa watu waliokuwa wakitazama saa ukutani. Nilicheza kwenye makanisa yenye mazulia, nyuma ya kinanda, mahali ambapo ukikosea hakuna ajuaye na ukipatia hakuna ajuaye. Mara mbili nilijaribu okestra ya watu wazima. Mara zote mbili waliniuliza nilipitia okestra ya vijana mwaka gani. Mwenye kovu usidhani kapoa, wahenga walisema, nami naongeza kwamba na mwenye chelo usidhani ni mpiga chelo.

Halafu zikaja harusi za majani chai. Mmeziona. Maharusi wanatoka Nairobi, wanatoka Kisumu, wanakuja Kericho na Bomet kwa sababu ya ule ukijani, bibi harusi anasimamishwa katikati ya mistari ya chai, ndege ndogo ya kamera inazunguka juu. Na pembeni wanataka mtu wa chelo, amevaa nguo nyeupe. Chelo inapendeza kwenye picha. Lakini nje kuna upepo, na sauti ya chelo haifiki popote, hasa yangu. Kwa hiyo waandaaji hufanya hivi. Spika zinafichwa ndani ya miche ya chai, mtu wa muziki anabonyeza rekodi ya bingwa fulani wa mbali, na wewe unasogeza mkono.

"Wewe songa tu na upinde, siz," mara ya kwanza waliniambia. "Sauti tuachie sisi."

Na sauti yako isije ikavuruga yao. Kwa hiyo nina upinde wa pili. Nimeusafisha utomvu wote nikaupaka sabuni ya mche, ile ya kufulia. Unateleza juu ya nyuzi bila kutoa hata pumzi. Kule mwanzo nilivuta upinde mwaka mzima ili nipate sauti moja safi, na sasa nalipwa nivute bila sauti. Nafunga macho, natikisa kichwa mahali pa huzuni. Watu wanalia. Wananipiga picha. Nina wateja zaidi ya wapiga chelo wote ninaowajua, na wengine wao ni wazuri kweli.

Ndiyo kazi niliyokuwa nikifanya mwaka jana, Konoin, kwenye harusi ya binti wa mzee mmoja Mkipsigis aliyefanya kazi na baba fektari. Sikujua wamewaalika wazazi wangu. Baba alikuwa ameachishwa kazi mashine mpya zilipokuja. Alikuwa amekonda, na koti lilelile la kanisani lilimpwaya. Nilimwona amekaa safu ya pili, kofia magotini, mama kando yake na kikombe cha mursik, maziwa ya mgando ya Wakipsigis, ambacho hakuwa akinywa. Niliangalia mkoba wangu, upinde mwingine ulikuwa humo, ule wenye utomvu. Nikanyoosha mkono. Lakini mtu wa muziki alishabonyeza, bibi harusi alishaanza kutembea, na chelo ya bingwa wa mbali ikamwagika kutoka kwenye miche ya chai, pana, nzito, tamu, sauti ambayo yangu haijawahi kuwa nayo tangu siku ile.

Basi nikasogeza mkono. Ningefanya nini? Nilifunga macho nisimwone. Baba yangu hakuwa ametoka nje. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amekaa, ananisikiliza mpaka mwisho.

Watu walipokwenda kula, alinijia kati ya viti. Alikuwa analia waziwazi, mzee mzima, hajipangusi. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Sikujua," akasema. "Haki ya Mungu, sikujua."

"Hukujua nini, baba?"

"Kwamba ilipona. Miaka yote nilidhani niliiua. Na wewe ulisema hivyo, umeniua, na kweli niliona nimekuua. Ukiifungua tu, natoka, kwa sababu nilikuwa naogopa kusikia nilichofanya. Lakini leo nimesikia. Imepona, nyathina. Inaimba. Sikukuharibia."

Mama alisimama nyuma yake. Mama alikuwa amenitembelea Nairobi, alishanisikia nikicheza kwa kweli, aliijua sauti ya chelo yangu. Alinitazama, akatikisa kichwa kidogo sana. Nilikuwa na maneno mdomoni. Nilikuwa nimeyabeba miaka mingi, makali, yamenolewa, na sasa mwenyewe alikuwa amesimama mbele yangu anayaomba.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Ilipona."

Kama angeridhika na hapo, ningeshukuru. Lakini furaha ya baba ilikuwa haijapata mahali pa kukaa kwa muda mrefu, ikakosa adabu. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, aliwaita wenzake wawili wa fektari nyumbani. Mama alipika chapati na chai. Akina mzee wakakaa kwenye kochi, kofia magotini, na baba akasimama katikati ya chumba.

"Sasa wachezee ile," akasema. "Ile ya harusi. Hawa hawajasikia."

Nilitoa upinde wenye utomvu. Nilikaa kwenye stuli ya jikoni. Wimbo ule niliujua, niliucheza nikiwa kidato cha tatu. Na niseme ukweli, sijawahi kucheza hivyo. Sikucheza hivyo hata mbele ya lile jopo. Niliivuta ile chelo iliyokwaruza, nikaisihi, nikaipa kila kitu ambacho yule mwanamke wa rula alinipa, na mahali pa chini kabisa, pale uzi unapoitika kifuani, nilidhani kwa muda mfupi kwamba imenisamehe na itaimba. Nilimtazama baba. Alikuwa amefumba macho, ameinamisha sikio.

Nilipomaliza, wazee walipiga makofi kwa heshima. "Kongoi," mmoja akasema, asante. Baba alifumbua macho taratibu. Alionekana mtu anayetafuta namna ya kusema jambo bila kumuumiza mwenzake.

"Ni nzuri," akasema. "Umejitahidi. Lakini ile ya harusi ilikuwa nzuri zaidi. Siku ile, siku ile ndiyo ulicheza."

Mama aliinuka haraka akachukua birika.

"Ni kweli, baba," nikamwambia. "Siku ile ndiyo nilicheza."